Sikio bila pingu: ujasusi wa Kenya baada ya Nyayo House

Anayefuata pasipoti Nairobi hupanga foleni Nyayo House, na chini ya foleni hiyo zipo seli. Miaka ya 1980 washukiwa wa Mwakenya, vuguvugu la siri lililoipinga serikali ya Rais Moi, walifungiwa humo gizani, uchi, ndani ya maji, kisha wakapandishwa kwa lifti wakiwa wamefungwa vitambaa machoni, wakahojiwe ghorofa za juu. Waliofanya hayo walitoka Special Branch, tawi la polisi lililosikiliza watu, likawakamata na kuwatesa lenyewe.

Sheria ya mwaka 1998 iliivunja kazi hiyo vipande viwili. Ujasusi ukatolewa polisi na kunyimwa mamlaka ya kukamata. Jukumu lake likawa kukusanya habari na kuzikabidhi. Katiba ya 2010 ikaongeza kwamba vyombo vyote vya usalama viko chini ya mamlaka ya kiraia.

Wapo wanaosema tulikata kupita kiasi, na hoja yao si ya kubezwa. Jengo la maduka la Westgate, Nairobi, liliposhambuliwa na magaidi Septemba 2013 na watu 67 wakauawa, kukazuka mvutano: nani alionywa, nani alipuuza? Habari ikipita mikono mingi hupotea njiani, na mwenye kuwajibika haonekani. Jasusi aliyemfuata mtu miezi mizima analazimika kumsubiri polisi asiyejua lolote.

Hata hivyo sikubali jasusi arudishiwe pingu. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Mtu anayefanya kazi kwa siri akikamata, nani atajua saa hizo zimeanza kuhesabiwa lini? Dawa ya habari kupotea ni kumlazimisha anayepokea onyo aandike alilifanyia nini, na kamati ya bunge imhoji.

Kasoro ninayoiona mimi iko kwingine. Tulilirekebisha sikio, tukawaacha wenye pingu na desturi zao. Kufikia mwisho wa 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji tangu maandamano ya Juni ya kupinga Mswada wa Fedha. Mkuu wa polisi alikana kwamba ni watu wake. Mzazi aliyezunguka kituo hadi kituo, akiomba jina la mwanawe litafutwe kwenye kitabu cha matukio, aliambiwa halimo.