Dakika kumi za kumsikiliza mtoto

Alhamisi iliyopita, saa kumi na dakika ishirini jioni, nilikuwa kwenye korido ya ghorofa ya pili na mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari ya chini. Tulikaa kwenye viti viwili tulivyovitoa darasani, tumevaa makoti, maana korido za shule yetu hazina hita na Novemba ya Nagano, hapa Japani, haina huruma. Uwanjani timu ya besiboli ilikuwa inakimbia huku ikiitikia kwa pamoja. Binti alishika kadi yenye aya fupi ya Kiingereza, maneno kama 30 hivi, na picha chini yake.

Jumapili alikuwa na usaili wa Eiken. Huu ni mtihani wa Kiingereza ambao Wajapani wanaufanya tangu mwaka 1963, na una madaraja. Kuanzia daraja la 3, kuandika peke yake hakutoshi. Mtahiniwa anaingia chumbani, anasalimiana na mtu mzima asiyemjua, anapewa sekunde 20 asome kimya, kisha anasoma kwa sauti na kujibu maswali matano. Matatu ya kwanza yanahusu aya na picha. Mawili ya mwisho yanamhusu yeye mwenyewe, na hapo ndipo watoto wengi wanapokwama.

Alisoma vizuri. Akajibu la kwanza, la pili, la tatu. Nikamuuliza la nne: siku za mwisho wa wiki unapenda kufanya nini? Kimya. Sikumsaidia. Niliiona midomo yake ikicheza; alikuwa anaipanga sentensi, anaikagua, anaivunja, anaipanga upya. Nikahesabu moyoni hadi 18. Ndipo akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba anaoka mikate na bibi yake. Papo hapo wasiwasi ukamwingia, akaniuliza kwa Kijapani: "Sensei," yaani mwalimu, "hiyo 'with' ni sahihi?"

Ilikuwa sahihi. Sentensi nzima ilikuwa sahihi. Mtoto huyu Kiingereza anacho. Alichokuwa amekikosa miaka yote ni mtu wa kukaa mbele yake na kumsubiri hizo sekunde 18 bila kutupia jicho saa ya ukutani.

Huu ni mwaka wangu wa tano hapa. Mimi ni mwalimu msaidizi wa lugha, yaani yule mgeni anayeingia darasani pamoja na mwalimu wa Kijapani. Serikali ya Japani ilianzisha mpango wake mkubwa wa kuleta watu wa aina yangu mwaka 1987, na siku hizi ni vigumu kumpata kijana aliyemaliza shule bila kukutana na mmoja wetu. Hata hivyo kila mwaka nasikia malalamiko yaleyale: Wajapani hawawezi Kiingereza, ulimi wao mzito, waletwe wageni zaidi. Siafiki. Ninachokiona mimi ni shule ambamo hakuna mtu mzima aliyeachiwa muda wa kumsikiliza mtoto mmoja akizungumza.

Iangalieni wiki yenyewe. Shule tatu, vipindi 22. Jumatatu sekondari, vipindi vitano vya dakika 50. Jumanne sekondari tena, siku ya somo la wazi: walimu wa shule za jirani na maofisa wa bodi ya elimu wamejipanga nyuma ya darasa, kila mmoja na karatasi yake, wanaandika. Somo hilo tulikuwa tumeliandaa kwa wiki tatu, na andalio lake lilikuwa na kurasa nane. Baada ya dakika 50 za kufundisha kikafuata kikao cha zaidi ya saa nzima cha kulijadili. Jumatano basi la saa moja kasorobo asubuhi kwenda shule ya msingi ya mlimani, darasa la tatu hadi la sita mfululizo, dakika 45 kila kipindi. Alhamisi nikarudi sekondari. Ijumaa shule ya msingi nyingine, ile ya karibu na stesheni.

Chakula cha mchana silii ofisini. Nakula darasani na watoto, kila siku darasa jingine. Wanafunzi wa zamu ndio wanaopakua, wamevaa aproni na kofia nyeupe, na kila mtu ana maziwa yake ya mililita 200. Tukimaliza, wanashika matambara na mifagio, kwa sababu shule inasafishwa na wanafunzi wenyewe. Wageni wengine hulishangaa sana jambo hili. Sisi tuliofagia viwanja vya shule alfajiri kabla ya mstarini tunajihisi nyumbani. Na niseme ukweli, Kiingereza kizuri kuliko chote nilichokisikia Jumatano nilikisikia wakati wa usafi. Mvulana wa darasa la nne alikuwa anakamua tambara kwenye ndoo, vidole vimekuwa vyekundu kwa baridi, akaniangalia na kusema maji ni baridi sana. Hakuna aliyemwambia arudie baada yangu. Alikuwa na neno la kuniambia, akaniambia.

Hiyo ndiyo wiki yangu, na ninachoka. Lakini jioni ya Alhamisi, nilipokuwa nafunga begi, mwenzangu wa meza ya kushoto alikuwa bado hajaanza kusahihisha.

Yeye ni mwalimu wa Kiingereza, ni mwalimu wa darasa wa mwaka wa pili, na ndiye mlezi wa klabu ya voliboli. Anafika saa moja asubuhi. Kila mwanafunzi wake ana daftari dogo ambalo kila siku anaandika mistari michache ya yaliyompata, na mwalimu wa darasa analisoma na kumjibu kwa kalamu nyekundu. Madaftari 34, kila siku. Siku ile anayajibu huku anakula, wali mkono huu, kalamu mkono ule. Nilimwona akiachia kijiko kwa sababu mtoto mmoja aliandika kwamba usiku hakulala. Aliusoma mstari huo mara mbili, akaandika jibu refu kuliko alichoandika mtoto, kisha akainuka kwenda kumtafuta. Wali ukapoa. Baada ya vipindi kuna voliboli, kisha simu za wazazi, kisha fomu za bodi ya elimu. Kuandaa somo la Kiingereza, kazi aliyoisomea chuo kikuu, kunaanza saa moja usiku.

Hayuko peke yake. Uchunguzi wa mwaka 2018 wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, ulikuta kwamba mwalimu wa sekondari ya chini nchini Japani anafanya kazi saa 56 kwa wiki, wakati wastani wa nchi nyingine ulikuwa saa 38. Uliporudiwa mwaka 2024, Japani ilikuwa bado juu ya saa 55. Kufundisha kwenyewe si sehemu kubwa ya saa hizo. Zinaliwa na klabu, makaratasi na usimamizi. Kibaya zaidi, sheria ya mwaka 1971 iliwatoa walimu wa shule za umma kwenye malipo ya muda wa ziada, ikawapa posho ya asilimia 4 ya mshahara, basi. Zaidi ya nusu karne asilimia hiyo haikuguswa. Mwaka 2025 bunge lilikubali iongezwe kidogo kidogo hadi asilimia 10. Nimefurahi kwa ajili yao, lakini posho hairudishi usiku. Mwenzangu akilipwa zaidi bado ataandaa somo saa moja usiku.

Wakati huohuo mtaala umenenepa. Tangu Aprili 2020 Kiingereza ni somo lenye maksi kwa darasa la tano na la sita, vipindi 70 kwa mwaka, na darasa la tatu na la nne wana vipindi 35 vya kujizoeza. Mwaka uliofuata zamu ikawa ya sekondari ya chini. Zamani mtoto alitakiwa kufundishwa maneno 1,200 katika miaka yake mitatu. Sasa ni kati ya 1,600 na 1,800, juu ya yale 600 hadi 700 anayotoka nayo shule ya msingi. Vipindi vya sekondari je? Ni 140 kwa mwaka, vilevile kama zamani. Walioongeza maneno hawakuongeza hata kipindi kimoja. Mwalimu afanyeje? Anakimbia. Na anayekimbia hawezi kusimama kwa sekunde 18 kumngoja binti mmoja atoe sentensi yake. Anamwita mwingine, yule aliyenyoosha mkono, na binti anakaa chini akiamini kwamba hawezi.

Hili linanigusa kwa sababu nilikuwa binti huyo. Nilisoma shule ya msingi Tanga kwa Kiswahili, na sayansi niliipenda. Usanisinuru niliujua vizuri. Ningeweza kuuchora ubaoni, jani, jua, maji na hewa ya ukaa, mishale yote mahali pake. Kisha nikaingia kidato cha kwanza na kila kitu kikageuka Kiingereza. Mwalimu wa baiolojia akaniuliza jambo lilelile ninalolijua. Nikasimama. Jibu lilikuwa limejaa kifuani na halikuwa na mlango wa kutokea. Darasa likacheka, mwalimu akaniambia kaa, tukaendelea. Nilikaa kimya karibu mwaka mzima baada ya siku ile. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema watoto wa Japani ni waoga kwa asili, nakataa kabisa. Mtoto yeyote atanyamaza akishajifunza kwamba kunyamaza ndiko salama.

Ulimi nao unasingiziwa. Kijapani kinapenda silabi zinazoishia na irabu, kama Kiswahili tu, na ndiyo maana vitabu vya Kijapani hunitoka kwa sauti bila shida hata pale nisipoelewa ninachokisoma. Ijumaa niliwaandikia darasa la sita maneno mawili ubaoni: basu, lao, na basi, letu. Wakaangaliana. Nikawaonyesha kwamba na sisi tulilichukua neno la kigeni tukalivalisha irabu yetu, na hakuna Mswahili anayeona aibu kupanda basi. Kisha nikawapa pan, neno lao la mkate, na meza. Yote mawili yametoka kwa Wareno, mabaharia waliotia nanga Mombasa mwaka 1498 na kufika Tanegashima, kisiwa cha Japani, mwaka 1543. Msichana wa mstari wa nyuma, ambaye tangu Aprili sikuwahi kumsikia akifungua kinywa, akauliza kwa Kiingereza cha maneno matatu kama Afrika tuna mkate. Tunao, nikamwambia, na tuna mkate wa kumimina unaotengenezwa kwa unga wa mchele. Hapo hata mwalimu wao akaacha kusahihisha, akainua kichwa. Kengele ikalia tukiwa bado tunabishana kama kitu cha mchele kinaweza kuitwa mkate.

Haya ni mambo yanayohitaji muda, na muda unaweza kupatikana kama wenye mamlaka watautaka. Tangu mwaka 2023 serikali imeanza kuzihamisha klabu za mwisho wa wiki ziende kwa makocha wa mitaani. Jambo jema, lakini linakwenda kwa mwendo wa kobe, na voliboli ya mwenzangu bado ni yake, Jumamosi kwa Jumamosi. Fomu za bodi ya elimu zinahitaji karani, si mtu mwenye shahada ya ualimu. Somo la wazi lenye andalio la kurasa nane, tungeweza kulifanya kwa kurasa mbili. Na mimi mwenyewe, nipunguzieni vipindi vya kusimama mbele ya ubao nikitamka maneno ili watoto 34 wayarudie kwa pamoja. Tarakilishi walizogawiwa wanafunzi zinatamka vizuri tu. Niwekeeni viti viwili kwenye korido, mniletee watoto mmoja mmoja kwa dakika kumi. Kwa kipindi kimoja ningewasikia watano. Kwa mwezi mmoja darasa zima lingekuwa limekaa na mimi, na mwenzangu angepata hizo saa ashike kalamu yake nyekundu bila kula kwa mkono mmoja.

Nimelisema hili kwenye kikao cha walimu. Mwalimu mkuu alisikiliza kwa heshima, akaandika, akasema litafikiriwa katika ratiba ya Aprili, mwaka wa shule ukianza. Nitalikumbusha Februari kabla ratiba haijapangwa.

Leo Jumatatu, baada ya chakula, binti wa mikate alikuja ofisi ya walimu. Alisimama mlangoni kama kawaida yao, akataja darasa lake na jina lake na shida iliyomleta, akangoja kuitikiwa. Alitaka kutusimulia usaili wa Jumapili, mimi na mwenzangu pamoja, kwa sababu mwenzangu ndiye aliyemfundisha tangu mwaka wa kwanza. Swali la nne hakulisikia vizuri, akasema. Moyo ulimdunda. Lakini badala ya kunyamaza alimwomba mtahini alirudie, na mtahini akalirudia taratibu, na yeye akajibu. Mwenzangu aliiweka kalamu chini, akageuza kiti chote kumwelekea. "Ulijibu nini?" akamuuliza.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa mzazi. Mwenzangu aliinua kiganja kumwomba binti asubiri kidogo, na binti akasubiri, mikono ameikunja mbele, mpaka kengele ya kipindi cha tano.