Tochi ndani ya programu: plagini ya watu au daraja lako mwenyewe?

Ukikaa na vijana wa Mombasa wanaotengeneza programu za simu kwa Flutter au React Native, zana za kuandika programu moja ikatumika Android na iPhone, ubishi wa tochi haukosi kuzuka. Flutter yenyewe haijui tochi. Kuwasha na kuzima ni kazi ya Android na iOS, kila mmoja kwa njia yake. Basi uchukue plagini, yaani kipande cha msimbo ambacho wengine wameshakiandika, au uandike daraja lako, msimbo wa kuunganisha programu na mfumo wa simu: kwa lugha ya Kotlin upande wa Android, Swift upande wa iPhone.

Wanaotetea plagini si wavivu. Programu ya iPhone hujengwa kwa Xcode, na Xcode haifanyi kazi ila kwenye Mac, ilhali wengi wana laptopu ya Windows na Tecno au Infinix mfukoni. Hata ukiazima Mac, simu ya kuigiza iliyomo ndani ya Xcode haina tochi. Sharti ushike iPhone ya kweli. Kuandika Swift usiyoweza kuijaribu ni kupika bila kuonja.

Wapinzani wao wanashikilia suala la ruhusa. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 kuna amri ya setTorchMode, inayowasha taa bila kufungua kamera wala kumwomba mtumiaji ruhusa. Plagini za mtindo wa zamani hufungua kamera, kwa hivyo stima zikipotea usiku, mtu anaulizwa kama anakubali kamera yake itumiwe. Ana haki ya kushtuka. Mwaka 2013 FTC, tume ya biashara ya Marekani, iliituhumu kampuni iliyotengeneza Brightest Flashlight kwamba iliwapa watangazaji habari za mahali alipo mtumiaji na kitambulisho cha simu yake. Kwa tochi tu, wallahi!

Mimi kwa Android naegemea daraja, maana ni mistari michache tu. Kwa iPhone, asiye na kifaa cha kujaribia achukue plagini, lakini asome msimbo wake kwanza.

Ila kuna kazi ambapo hoja zote mbili hazifui dafu. Mchukue karani wa godauni kule Shimanzi, anayehesabu mzigo kwa kuskani lebo kwenye kona ya giza. Kamera imeshafunguliwa ili kusoma lebo. Programu ikiita setTorchMode, Android inakataa kwa kuwa kamera iko kazini. Karani anabonyeza kitufe, kimya. Anabonyeza tena, kisha anamwita mwenzake aje amulike kwa simu nyingine. Hapo taa huwashwa kupitia kamera ileile inayosoma lebo, na plagini nyingi za kuskani zina amri hiyo tayari. Plagini ya tochi ni mzigo wa bure.

Tukija kwenye kupunguza na kuongeza mwanga, iPhone imeruhusu zamani, Android ikafuata kwenye toleo la 13 mwaka 2022, tena kwa simu ambazo taa yake inakubali. Kwa simu za bei nafuu zilizojaa mjini hapa, mteja asiahidiwe hilo kabla hujaiuliza simu yenyewe.