Droni Ilirudi Nyumbani, Nasi Tulishahama

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, ambaye simtaji kwa sababu anajijua, ameshawatumia watu ujumbe wa sauti wa dakika nne akidai kwamba droni yangu ilivutwa na jini wa Ghuba ya Gazi, naona heri niyaeleze mwenyewe kabla jini huyo hajapewa jina na ukoo. Hapakuwa na jini. Palikuwa na mimi.

Ami yangu alikuwa amenunua mashua, na alitaka ipigwe picha kutoka angani siku ya kwanza ya kutweka tanga. Asubuhi nzima niliwachosha abiria kwa mawaidha: kwamba droni nimeisajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, kwamba kanuni za mwaka 2020 hazituruhusu kupita futi 400 kutoka ardhini, kwamba vyombo vya watu wengine nitakaa mbali navyo kwa mita 50, na kwamba uwanja wa ndege wa Ukunda tumeuacha mbali nyuma yetu. (Nanyi mnaoniuliza kila wiki kama droni ndogo ya gramu 249 husamehewa usajili, msamaha huo mmeusikia kwa Wamarekani, ambao huutoa kwa anayerusha kwa kujifurahisha, mimi yangu niliisajili.) Nikahitimisha kwa maneno ambayo sasa ndiyo jina langu kijijini: "Hata nikichanganyikiwa, nabonyeza kitufe hiki tu, yenyewe yajua nyumbani."

Nilikuwa nimeirusha kutoka juu ya sanduku la barafu, katikati ya mashua inayokwenda. Kusi ilikuwa imeshika tanga vizuri, picha zilikuwa tamu, nami nikasahau saa mpaka rimoti ilipoanza kulia kwamba betri inakwisha. Nikainua macho nikaitafuta droni, tanga likanizibia. Nikachanganyikiwa kama nilivyoahidi, na kama nilivyoahidi nikabonyeza kitufe.

Hapo naomba twende polepole, kwa maana mimi mwenyewe huirudia kila nikilala. Droni ilipanda kwanza hadi kimo nilichoipangia, ikageuka kwa adabu, ikatupita juu ya vichwa vyetu bila hata kutusalimu, ikaelekea nyuma tulikotoka. Ilikwenda kiasi cha nusu kilomita, ikasimama juu ya maji matupu, ikawasha taa yake ya tumbo, ikaanza kushuka.

"Mwanangu," ami akaniuliza, mkono ukiwa bado kwenye usukani, "mbona ndege yako yashuka kule?"

"Yarudi nyumbani, ami."

"Nyumbani kwa nani?"

Ndipo nilipofahamu kwamba kwa droni nyumbani ni pale ilipopaa, si pale nilipo mimi, na kwamba kabla ya kung'oa mguu ilipaswa kuambiwa kuwa nyumba yenyewe ina tanga. Nikabonyeza kitufe mara ya pili, nayo ikatii ikaacha kushuka. Laiti ningeondoa kidole hapo, ningeiendesha mwenyewe mpaka mikononi mwangu! Lakini mkono ulikuwa ukitetemeka, ukabonyeza mara ya tatu, na droni ikaelewa kwamba nimesisitiza. Mita kumi. Mita tano. Karibu na maji ilisita, mawimbi yakiivuruga vihisi vyake, kama mgeni anayetafuta mahali pa kuvulia viatu. Kisha ikakaa juu ya bahari kwa utulivu mkubwa, panga zikarusha maji mara mbili, na taa ikaonekana ikiwaka chini kwa chini kabla ya kuzimika. Mashuani hakucheka mtu, jambo lililoniumiza zaidi.

Yaliyofuata ni mafupi: mvuvi mmoja aliizamia wakati wa maji kupwa, betri iliyokunywa chumvi haichajiwi tena, na mchele nilimoizika droni ili ikauke tumeupika. Kadi ya kumbukumbu ilipona. Ami amepata picha zake zote, pamoja na nakala hafifu iliyobaki kwenye simu yangu, ambamo bahari inakuja karibu, inakuja karibu, kisha kijani. Nilitaka kuikata sehemu hiyo. Amenikataza, na huwaonyesha wageni kabla ya chai.