Rekodi ya Glenn Gould ya 1981 msiipuuze
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa ameimwagia sifa rekodi ya 1955 ya mpiga piano Glenn Gould, ya Goldberg Variations (muziki wa Bach wenye wimbo mmoja unaopigwa kwa namna nyingi tofauti), kisha ile aliyoirekodi upya 1981 akaiita nzito na ya kuchosha. Hapo sikubaliani naye kabisa. Kweli, ya kwanza inakwenda mbio, dakika 38 hivi, na kijana wa miaka 22 kupiga vile ni maajabu. Lakini sikilizeni ile aria (wimbo wa kufungulia) ya 1981: inachukua dakika tatu na ushei, noti za mkono wa kushoto zinasikika moja moja, na Gould mwenyewe anaimba chini chini huku akipiga. Tena si mwendo wa polepole tu ulioifanya rekodi nzima ya 1981 kuwa ndefu kuliko ya kwanza. Safari hii alirudia sehemu kadhaa ambazo 1955 hakuzirudia. Mimi ndiyo ninayoisikiliza kila wiki.