Sauti Ile Ile, Mipaka Mipya

Nikisikia mtu akisema mwenye kipaji hakosi nafasi, humkumbuka Barbara Jordan, mwanasiasa Mweusi wa Texas, Marekani. Mwaka 1962 aligombea kiti katika bunge la jimbo la Texas, akaanguka. 1964 akajaribu tena, akaanguka tena. Na huyu hakuwa mtu wa kubahatisha: binti wa mchungaji wa Kibaptisti kutoka Fifth Ward, mtaa wa Weusi mjini Houston, wakili aliyesomea sheria Boston, na ile sauti yake nzito iliwanyamazisha watu tangu midahalo ya chuoni.

Sauti haikufua dafu. Viti alivyogombea vilipigiwa kura na Kaunti ya Harris nzima, ambayo Houston imo, kwa hiyo kura za Weusi zilimezwa na za Wazungu. Tena mpiga kura alitakiwa kwanza alipe kodi, dola 1.75. Wazee wetu walioonja kodi ya kichwa hawahitaji kufafanuliwa hapo.

Kilichomfungulia mlango ni mahakama. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kura ya kila mtu iwe na uzito sawa, Texas ikalazimika kuchora upya mipaka ya maeneo ya uchaguzi, na 1966 ile kodi nayo ikafutwa. Mwaka huo huo Jordan akashinda kiti cha Seneti ya Texas, Mweusi wa kwanza humo tangu 1883. Mgombea ni yule yule.

Miaka sita baadaye akachaguliwa kwenda Washington, kwenye Bunge la Wawakilishi la taifa, na hapo ndipo dunia ikamjua. Tarehe 25 Julai 1974, Kamati ya Sheria ya Bunge la Wawakilishi ambayo yeye alikuwa mjumbe wake, ilikuwa ikijadili kumshtaki Rais Nixon bungeni ili aondolewe madarakani. Nimeitazama hotuba ya Jordan mara nyingi. Ameketi, miwani machoni, hana papara. Kila neno analitamka mpaka herufi ya mwisho. Anaanza na maneno ya kwanza ya katiba, "Sisi wananchi", kisha anakumbusha kwamba ilipokamilika mwaka 1787, mtu kama yeye hakuhesabiwa humo. Anasema kwa miaka mingi alidhani George Washington na Alexander Hamilton, waasisi wa taifa, walimwacha nje kwa bahati mbaya tu. Kejeli hiyo anaisema bila hata kutabasamu! Halafu anatangaza kwamba imani yake kwa katiba ni kamili. Wiki mbili baadaye Nixon alijiuzulu.

Simfanyi malaika. Mwaka 1975 alisimama mahakamani kumtolea ushahidi wa tabia njema John Connally, gavana wa zamani wa Texas aliyeshtakiwa kwa rushwa. Connally aliachiwa huru, lakini mimi jambo hilo bado linanikera. Siasa za Texas zilikuwa za kubebana, naye alizijua vizuri mno.

Ila mwaka huo huo alifanya kazi ambayo kwangu inaizidi hata hotuba. Sheria ya haki za kupiga kura ya 1965, iliyozuia Weusi kubaguliwa kwenye kura, ilikuwa ikiongezewa muda, naye akapigania ulinzi wake ufike Texas na uwakinge pia raia wenye asili ya Meksiko. Ikapita. Karatasi za kura zikaanza kuchapishwa kwa Kihispania pia.