Mzazi haji shule, basi tunasema hajali

Jamani mimi ni msaidizi wa mwalimu huku Uingereza, nakaa na watoto wa miaka mitano sita, na nyumbani Tanzania nilishafundisha darasa la kwanza, kwahiyo pande zote mbili nazijua. Wengi wanadhani watundu wako huku tu kwa vile hawachapwi. Si kweli, mtoto wa kupiga wenzie na kuingia chini ya meza akipiga makelele mwalimu anafundisha yupo kote, na mzazi ukimwita haji naye yupo kote.

Nyumbani jibu ni fimbo. Tena kanuni zetu za 2002 zinasema achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa kwa maandishi, visizidi viboko vinne na viandikwe kitabuni, lakini nani anafuata? Huku fimbo ilitoka shule za serikali 1987 ikabidi walimu watafute njia nyingine, na njia yenyewe ni kuandika. Saa ngapi mtoto kavuruga, kabla ya hapo kulikuwa na nini, baada ya hapo akapata nini. Wiki mbili zikipita unaona kumbe anavuruga kila wakati wa kusoma kwa sauti, herufi hazishiki na anaona aibu, au mwingine anajua akitolewa nje atapata mtu mzima wa kukaa naye peke yake. Sasa unamsogeza karibu, unampa kazi fupi, akipatia unamsifia palepale na unamtajia alichofanya, "umesubiri zamu yako vizuri", na yote haya hayamsubiri mzazi.

La mzazi ndio linaniuma. Huku anapata barua za lawama mfululizo mpaka akiona namba ya shule hapokei. Nyumbani anaitwa ofisini anasemwa mbele ya walimu wote. Akinyamaza tunasema hajali! Wengine wanapiga shifti za usiku, wengine shule iliwaumiza wakiwa wadogo, wengine mtoto amewashinda hata nyumbani na wanaona haya kusema. Kuna mama alikuwa anapita getini kainamisha kichwa, siku mwalimu alipomwambia mwanao leo kamsaidia mwenzie kufunga viatu akasimama, akaongea mpaka tukajua mtoto halali usiku. Barua zote zile hazikutupa hilo.

Wapo wasiojali kweli, sikatai, na mtoto wa namna hiyo ndio kabisa anahitaji mtu mzima mmoja pale shuleni asiyemchoka.

Najua walimu wa nyumbani mtaniambia darasa limefurika na msaidizi hakuna, na ni kweli, huo mzigo mnabeba na inatia uchungu. Ila sisemi muwaandike wote. Anza na yule mmoja anayevuruga kuliko wote, daftari na kalamu vinatosha, na mzazi wake mtumie mesej siku ambayo mtoto hajasumbua.