Mae Capone hakuishi kimalkia

Madai ya mwandishi tuliyemsoma kwamba wake wa majambazi wa Chicago, enzi pombe ilipopigwa marufuku Marekani, walikula raha bila jasho, hayamfai Mae, mke wa Al Capone, kinara wa majambazi hao. Nyumba yao ya mtaa wa Prairie Avenue, Chicago, ambayo hatimiliki yake haikuwa na jina la mume bali la Mae na la mama mkwe wake Teresa, ilijaa mashemeji na mawifi, wakati bwana mwenyewe akilala mahotelini na vimada. Baada ya Al kuhukumiwa kifungo kwa kukwepa kodi mwaka 1931, ni Mae aliyesafiri kutoka Florida hadi Alcatraz, gereza la kisiwani California, ili azungumze na mumewe kupitia kioo. Na lile koti la manyoya ambalo mwandishi anamsifia nalo, pichani analitumia kujiziba uso mbele ya waandishi wa habari. Mume aliachiliwa mwaka 1939, akili imeharibiwa na kaswende, naye akamuuguza hadi alipofariki Januari 1947. Raha gani hiyo? Wasomaji wenzangu, mnadhani mke Mkatoliki wa zama zile, mwenye mtoto mmoja mgonjwa wa masikio, angeweza kuondoka?